Kopi kwa Kujulisha

Chini kabisa ya barua ya Waridi ya kuomba kazi, pale ambapo watu wengine huandika jina lao na kunyamaza, baba yake, Bulaimu, alitaka yapangwe majina ya wakubwa wote wa Kasongo na wa Kabambare, mmoja chini ya mwingine, kama askari kwenye mstari.

"Andika," alimwambia Christophe. "Kopi kwa kujulisha. Anza na yule mukubwa wa ofisi yenye bendera. Halafu shefu wa sekta. Halafu yule wa afya. Halafu polisi."

"Polisi ya nini, baba?" Waridi aliuliza. "Mimi naomba kazi ya maji."

"Polisi wajue pia kama umeomba. Kesho mutu akitupa barua yako, atajua mashahidi iko."

Christophe alicheka peke yake nyuma ya kompyuta. Kibanda chake cha kuwaandikia watu barua kilikuwa kando ya soko, na jenereta lake lilinguruma nje kiasi kwamba kila mteja alisema shida yake kwa kupiga kelele, na soko zima likaisikia. Bulaimu alikuwa mteja wa zamani. Tangu alipohamia Kasongo kutoka upande wa Wamaza, kila mwaka alikuja na barua mpya kichwani: ya daraja lililoanguka, ya barabara iliyogeuka kijito, ya zahanati isiyo na dawa. Shule aliiacha mapema, na kusoma alisoma kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini jambo moja alilishika vizuri: barua bila kopi kwa wakubwa hutupwa, kwa sababu anayeitupa hamwogopi mtu yeyote.

Barua yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa tangu zamani. Ililala ndani ya mashine ya Christophe, na yeye alibadilisha jina tu. "Nina heshima kubwa isiyopimika," ilisema kwa Kifaransa cha kupinda magoti, "ya kuja mbele ya utukufu wako, mimi mtoto wako nisiye na msaada, ili kuulilia upendeleo wako." Walimu waliipeleka, madereva waliipeleka, hata mkunga mmoja aliipeleka, wote wakilia kilio kimoja mbele ya utukufu ule ule.

Waridi alikuwa amenakili tangazo lote nyuma ya daftari lake la shule. Shirika la maji lilitafuta mwanamke wa kuelimisha vijiji vya upande wa Wamaza. Awe na diploma. Ajue Kiswahili na Kibangubangu. Barua iandikwe kwa Kifaransa au Kiswahili. Kila barua itakayofika kabla ya Alhamisi jioni itasomwa.

"Kiswahili?" Christophe alisema. "Kazi ya ofisi kwa Kiswahili? Hapo wamechekesha watu. Tuachie Kifaransa, mama."

"Mwachie Kifaransa," Bulaimu alisema, na akasukuma kidumu cha mawese chini ya meza, malipo ya kazi. "Na usisahau yule wa afya."

Waridi hakubishana zaidi. Nyumbani shangazi yake Hidaya alikuwa anangoja. Hidaya alipika chakula na kuwauzia wachimba dhahabu wa Salamabila, na safari hii alikuja Kasongo kutafuta mtu wa kumsaidia kubeba sahani. Bulaimu hakutaka. Alikuwa amewaona wasichana waliokwenda kubeba sahani huko na namna walivyorudi, wengine wakiwa na mtoto mgongoni asiye na baba wa kutaja. Lakini Hidaya ndiye aliyekuwa analeta chumvi na sabuni katika nyumba ile tangu mama Waridi afariki, na mtu aletaye chumvi huwezi kumfungia mlango. Wakakubaliana hivi: Hidaya atangoja orodha ya watakaoitwa na shirika. Jina la Waridi likikosekana, binti atapanda pikipiki pamoja naye kwenda Salamabila siku ile ile.

*

Siku nzima Bulaimu alizunguka na bahasha zake. Gundi hakuwa nayo, kwa hiyo alizifunga kwa ugali wa mihogo, akiuponda kwa kidole gumba na kuupaka pembeni kama alivyofanya siku zote. Katika kila ofisi aliacha bahasha moja, na kwenye kopi yake mwenyewe aliomba kashe, ile alama ya zambarau inayosema barua imepokelewa. Bila kashe ile mtu hana ushahidi kwamba alifika.

Kwenye ofisi yenye bendera karani alikuwa anakula karanga. Alimwacha amesimama mpaka karanga zikaisha, kisha akakung'uta maganda.

"Kashe iko, mzee. Wino ndiyo hakuna."

"Wino iko wapi?"

"Dukani."

Bulaimu akaenda dukani. Aliporudi na wino karani aliuweka ndani ya droo, akatoa wino mwingine uliokuwamo siku zote, akapiga kashe. Katika ofisi iliyofuata walimwambia kwamba wao hunywa chai bila sukari, na wakamtazama. Akaleta sukari. Serikali yetu, aliwaza akitoka, ni duka lisilouza kitu; unanunua tu ruhusa ya kusimama mlangoni. Hata hivyo jioni alipanga kopi zake zenye kashe juu ya mkeka na kuzitazama kwa furaha, akamwita Hidaya aje kuona.

"Nzuri," Hidaya alisema. "Zinapikwa na nini?"

Kesho yake baba na binti walikwenda pamoja kwenye shirika. Mstari ulikuwa mrefu mpaka kwenye mfereji. Mkuu wa ofisi, aliyeitwa Bruno, alikuwa anashuka garini wakati sentineli, mlinzi wa lango, anapokea barua yao, na kwa kuwa haikuwa ndani ya bahasha bali imeshikanishwa na kopi zake zote ili kashe zionekane vizuri, akainyakua kuiangalia. Alianza kusoma kutoka chini.

"Mzee, hii ni maombi ya kazi ao ni mashitaka?"

"Ni maombi, shefu. Kwa heshima."

"Na hawa wote huku chini?"

"Kopi tu. Kwa kujulisha."

"Umewajulisha nini? Kama binti yako anatafuta kazi? Kasongo muzima inatafuta kazi." Mstari ukacheka, ule mcheko wa watu wanaotaka mkubwa aone kwamba wanacheka naye. "Sikiliza, mzee wangu. Kesho kila mumoja wa hawa atakumbuka kama iko na mupwa asiyefanya kazi. Atanipigia simu. Umewafungulia mulango watu wote, isipokuwa mutoto wako."

Akampa sentineli karatasi zile. "Weka pembeni."

"Pembeni wapi, shefu?"

"Pembeni."

Waridi alikuwa anatazama viatu vya baba yake, ambavyo asubuhi ile alivipaka mawese ili ving'ae, na vumbi lote la njia likavishika.

*

"Kaka, umemwombea kazi ao umemtangazia msiba?" Hidaya aliuliza waliporudi, na aliposimuliwa yote alianza kukunja nguo zake na kuzitia ndani ya mfuko.

"Orodha haijatoka," Bulaimu alisema.

"Haijatoka. Mimi najiandaa tu."

"Wanaogopa," Bulaimu alisema. "Yule Bruno anaogopa wakubwa wasije wakaona namna anavyogawa kazi. Wote ni wamoja. Wa juu anamla wa katikati, wa katikati anatula sisi."

Hapo ndipo Waridi alipozungumza, kwa sauti ya chini iliyomtisha baba yake kuliko kelele. "Baba, ukiniuliza sasa hivi ile barua inasema nini, sijui. Ina jina langu na mimi simo ndani. Kuna machozi ya Christophe na majina ya wakubwa wako. Mimi niko wapi?"

Akachukua daftari lake akatoka. Bulaimu alimfuata, si karibu sana, akijidai anatafuta kuku wake.

Waridi alikwenda kwa Emmanuella, aliyekaanga mikate ya mafuta kwenye njia panda. Emmanuella alikuwa sekretari wa mradi mmoja wa barabara. Mradi uliisha kabla barabara haijaanza, wakubwa wake wakapanda ndege kwenda Kindu, yeye akabaki na kitambulisho cha plastiki ambacho sasa alikitumia kupepea moto. Bulaimu hakumpenda, kwa sababu alikuwa amekaa upande ule mwingine wa meza.

"Barua ya Christophe," Emmanuella alisema, hata kabla hajaonyeshwa. "'Utukufu wako.' Naijua kama sala. Mimi ndiye nilikuwa nafungua bahasha, dada. Unasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya kumi unaiweka chini bila kuisoma, kwa sababu unajua itakulilia kama ile ya tisa. Watu wenye akili zao nzuri, nimewatupa hivyo hivyo. Sikujua kama walikuwamo."

"Sasa niandike nini?"

"Lete tangazo. Soma wanataka nini." Waridi akasoma. "Sawa. Wanataka mutu wa kuongea na wamama juu ya maji. Hawajasema wanataka yatima, hawajasema wanataka mutu wa kuinama. Barua yako iwajibu hilo tu. Juu kabisa taja kazi unayoiomba, wasitafute. Ukurasa mumoja, usizidi. Halafu waambie jambo moja umelifanya kwa mikono yako linalofanana na kazi hiyo. Jambo moja, na majina ya mahali, na namna lilivyokwenda. Mwisho, lini unaweza kuanza, na namba ya simu. Simu ya nani?"

"Ya baba."

"Inawaka?"

Wote wawili wakamgeukia Bulaimu, aliyekuwa amesimama nyuma ya ukuta mwembamba akidhani haonekani. Simu yake ilikuwa imezimika tangu juzi.

"Ndiyo hivyo," Emmanuella alisema. "Mutu anaomba kazi mwaka muzima, siku wakimwita, simu imelala. Andika yangu. Mimi huchaji hapo kwa jirani. Na wewe baba, ukitaka kusikiliza, sogea. Mikate haiumi."

Bulaimu akasogea, si kwa sababu aliombwa, bali kwa sababu moshi ulikuwa unamfuata kule alikokuwa.

"Mimi sijafanya jambo lolote," Waridi alisema. "Tangu diploma nimekaa tu."

"Na kabla ya kuja Kasongo?"

"Kijijini. Nililima na mama. Tukagombana na watu juu ya mihogo."

"Mihogo gani?"

Waridi akaeleza, akiona haya, akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Bulaimu hakusikiliza sana. Habari ile ya mihogo aliijua, na haikumpendeza. Lakini aliona Emmanuella ameacha mikate iungue.

"Na ulisema umekaa tu," Emmanuella alisema, akiopoa mikate myeusi. "Andika hiyo. Kwa Kiswahili, namna ulivyonisimulia. Hata pale mulipokosa, andika. Mutu akisema kila kitu kilienda vizuri, najua hakukuwapo. Ukimaliza, soma kwa sauti. Ukiona haya kuisoma mbele ya watu, hiyo barua haijawa yako. Iandike tena."

"Lakini nimekwisha kupeleka moja."

"Tangazo linasema kila barua itakayofika kabla ya Alhamisi jioni. Ya pili si barua? Peleka."

Waridi akaandika kwa mkono, usiku ule na asubuhi, akachana, akaandika tena. Alhamisi, jua likiwa bado juu, aliifunga ndani ya bahasha kwa ugali wa baba yake, maana gundi bado haikuwapo, akaiweka mwenyewe ndani ya sanduku la sentineli. Bulaimu hakuulizwa kitu. Hakuna mkubwa yeyote aliyejulishwa.

*

Maneno ya Bruno hayakumtoka Bulaimu kichwani. Kama kopi zile zilikuwa zimewafungulia wapwa wa wakubwa mlango, basi ni yeye aliyeufungua, na ni yeye wa kuufunga. Ijumaa alirudi kwenye ofisi yenye bendera kudai bahasha yake.

"Barua ikiingia hapa haitoki," karani alisema.

"Nataka yangu."

"Mzee, hakuna mutu amewahi kuomba hiyo. Hata sijui inaombwa namna gani." Lakini siku ile hakuwa na karanga, na uchovu ulimzidi ukaidi. Akavuta kwa mguu katoni iliyokuwa chini ya meza. "Tafuta mwenyewe. Ukichukua na nyingine sitalia. Panya ndiyo watalia."

Bulaimu akachuchumaa. Bahasha ya Waridi ilikuwa juu, haijaguswa. Akashusha pumzi; hakuna mpwa aliyejulishwa kitu. Kisha akaona iliyo chini yake. Aliitambua kwa pembe yake, pale alipopaka ugali kwa kidole gumba. Ugali ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama ukucha, mzima, bila ufa. Hiyo ilikuwa ya barabara. Chini yake ile ya daraja. Zote zimefungwa vile vile alivyozifunga. Alipekua mpaka chini, na karibu na mavi ya panya akaipata ile ya zahanati.

Ile ya zahanati aliiandikisha kwa Christophe mwaka ule mama Waridi alipokufa akingojea dripu ya serumu ambayo haikuja. Kopi yake yenye kashe alikuwa ameitunza ndani ya Kurani yake nyumbani, na kila alipoitazama alikuwa akisema moyoni: wamesoma, wanajua, wamekataa. Kwa hiyo aliwachukia kwa kukataa. Miaka yote ile alikuwa ana mtu wa kugombana naye kichwani, mkubwa mnene anayesoma habari za mke wake na kuzisukuma kando.

Kumbe hata kusukuma hawakusukuma.

"Mukubwa wako anasoma lini?" aliuliza.

Karani alitafuta jibu kwa uaminifu kabisa. "Mukubwa hasomi, mzee. Mukubwa anapokea."

Bulaimu alisimama. Akaziweka bahasha zake zote ndani ya kanzu, juu ya kifua, akaenda zake bila kuaga, na katika ofisi zile nyingine hakukanyaga tena. Alikwisha kujua atakuta nini.

*

Orodha ilibandikwa Jumamosi asubuhi kwenye ukuta wa shirika. Hidaya alifika na pikipiki aliyoikodi, mfuko wake umefungwa nyuma, na dereva hakuzima injini maana kuiwasha tena ilikuwa kazi. Waridi alipita kati ya watu mpaka ukutani. Alisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu.

"Hakuna," alisema aliporudi.

Hidaya hakumcheka. Akasogeza mfuko, akapiga kiti cha pikipiki mara moja kwa kiganja kukipangusa vumbi. "Njoo, mwanangu. Tulisema."

"Tulisema," Bulaimu alikubali. "Ngoja kidogo."

Akaenda langoni. Sentineli alinyoosha mkono kumzuia, lakini Bulaimu hakutaka kuingia. Alisimama tu pale pale, akaita kwa sauti ile aliyoizoea kwenye jenereta la Christophe.

"Shefu Bruno. Barua ya binti yangu umeisoma?"

Bruno alitokea barazani na kikombe mkononi. "Ni wewe tena. Mzee, orodha imetoka."

"Sikuuliza orodha. Nauliza umeisoma?"

"Nimesoma. Ile yenye wakubwa wote."

"Ile haikuwa yake, ilikuwa yangu. Mimi ndiye nilikosa, itupe. Nauliza ya Alhamisi. Ile imefungwa na ugali."

Watu wakaanza kugeuka. Sentineli aliangalia sanduku lake, kisha akamwangalia mkuu wake, kisha akaangalia miti. Bruno akasema kwamba barua zilikuwa nyingi, kwamba ofisi kuu ya Kindu ilitaka majina upesi, kwamba jina la Waridi lilikuwa limekwisha kuwekwa pembeni.

"Tangazo lako linasema kila barua itasomwa," Bulaimu alisema. "Mimi si mutu wa masomo, lakini hapo nilipita na kidole. Halikusema itapokelewa. Kupokewa nimepokewa sana. Niko nazo hapa." Akajipiga kifua, na karatasi zikalia ndani ya kanzu. "Ukiisoma ukasema hafai, tunaenda. Hatutakushitaki ku mutu yeyote. Wale siwaamini tena. Lakini fungua."

"Na mimi yangu haikufunguliwa," sauti ya mwanamke ilisema nyuma, na nyingine ikasema, "Waulize."

Bruno aliweka kikombe chini. Aliingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na bahasha. Pembe yake ilikuwa bado imefungwa, ugali mweupe umeshika kama ulivyopakwa. Aliigeuzageuza akiwa ameona kile ambacho kila mtu pale langoni alikiona.

"Binti mwenyewe iko wapi?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya juzi. "Isome wewe. Nisije nikaambiwa nimeruka mustari."

Waridi alipokea. Aliichana kwa ukucha. Akasimama vizuri, akasoma.

"Naomba kazi ya kuelimisha vijiji vya upande wa Wamaza kuhusu maji. Katika kijiji chetu tulikuwa tunaloweka mihogo katika chemchemi ile ile tuliyochota maji ya kunywa. Maji yalinuka, watoto waliharisha, na kila mtu alijua sababu. Lakini kuwaambia wanawake wahamishe mihogo hakukusaidia. Niliwauliza kwa nini, wakaniambia: hapa juu tunapita wote, mwizi anaonekana. Kule chini, kijitoni, itaibwa. Walisema kweli. Nilihamisha ya kwetu kwanza, na ya kwetu ikawa ya kwanza kuibwa. Baba yangu alinifokea siku nzima na akasema elimu imeniharibu."

Watu wakacheka. Bulaimu alisimama katikati ya kicheko kile, mikono nyuma, akaacha kimpite.

"Baada ya hapo tuligawana zamu za kulinda kule chini, wanawake kwa nyumba zao, na mimi nilipanga zamu hizo kwa Kibangubangu na kwa Kiswahili. Mihogo ilihama. Chemchemi ikasafika. Nyumba mbili zilikataa mpaka nilipoondoka, na bado sijui namna ya kuzishawishi. Ningependa kujifunza. Naweza kuanza Jumatatu." Akainua macho. "Halafu ni namba ya simu."

Bruno hakupiga makofi wala hakusema maneno makubwa. Aliuliza kitu kimoja. "Kule chini, mulilinda usiku pia?"

"Usiku ndiyo zaidi. Tulijenga kibanda."

"Vijiji vitatu tulijenga mabomba," Bruno alisema, kama anayezungumza na kikombe chake, "na mihogo iko bado ndani ya chemchemi." Akatoa kalamu mfukoni, akaenda ukutani, na chini ya majina yaliyopigwa kwa mashine akaandika jina la Waridi kwa mkono, likapinda kidogo. "Mahojiano yanaanza sasa. Utakuwa wa mwisho. Ingia ukae." Halafu, kwa sentineli: "Lete sanduku lote. Zile zilizofungwa, zote."

Waridi alimtazama baba yake mara moja, akaingia.

Dereva wa pikipiki aliuliza kama wanaenda au hawaendi, maana mafuta yalikuwa yanaungua bure. Hidaya alivuta mfuko wake mbele, akapanda peke yake, na pale nyuma ambapo angekaa Waridi akafunga ndizi alizonunua njiani.

"Kazi bado hajaipata, kaka," alisema.

"Najua."

"Wanaweza kumrudisha jioni."

"Wanaweza. Lakini amesomwa."

Pikipiki iliondoka kuelekea barabara ya Kabambare, ikirusha vumbi. Bulaimu aliketi kwenye jiwe mbele ya lango. Akatoa bahasha kutoka kanzuni, akachagua ile ya zahanati, na kwa kidole gumba kile kile akaivunja pembe. Ndani kulikuwa na kurasa nne za Christophe, heshima isiyopimika na utukufu, na jina la mke wake lilikuwa kwenye ukurasa wa tatu, karibu na mwisho. Alilitafuta muda mrefu kabla ya kulipata.

Emmanuella alikuwa amefika na sinia lake la mikate kuwauzia waliokuwa wakingoja. Akasimama karibu naye.

"Unasoma nini, baba?"

"Ya zamani. Binti akitoka, ataniandikia upya. Ukurasa mumoja. Mama Waridi atakuwa ku mustari wa kwanza."

"Na kopi?"

Bulaimu alikunja zile kurasa nne, akazikalia, maana jiwe lilikuwa na baridi.

"Hakuna kopi," alisema. "Nitaipeleka kwa yule wa bendera, nitasimama mulangoni, na nitaisoma mwenyewe kwa kidole, polepole, mpaka mwisho. Atangoja."